Mama kajifungua salama, sasa mbona anavuja?

Nikimwambia mtu nafanya kazi ya fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kitu cha kwanza ananionyesha goti. Au bega, au ule mgongo ulioumia kwenye ajali ya boda mwaka juzi. Nikiongeza kwamba wagonjwa wangu wengi ni wamama, wajawazito na waliotoka kujifungua, ananiangalia kama nimepotea njia, manake kwa watu wengi hapa Uganda fizio ni ya wachezaji mpira na wazee waliopooza, na mama mjamzito ni wa mkunga, basi, kwisha maneno.

Mimi nimekulia barracks, Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya uwanjani, ya dukani na ya kugombezwa, na sasa nafanya kazi upande wa magharibi ambako nusu ya wamama ninaowaona wametoka Congo, wanaishi kambi za wakimbizi za Kyangwali na Kyaka II, kwa hiyo kutwa nzima mdomo wangu uko kwa Kiswahili. Haya ninayoandika hapa ni yale ninayoyarudia kila siku nikiwa nimesimama kando ya kitanda, nimeona niyaweke mahali pamoja ili mtu aweze kuyatuma kwa WhatsApp kwa dada yake.

Tuanze na habari nzuri kwa sababu ipo. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2011 ulionyesha Uganda tunapoteza wamama 438 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, wa 2016 ukasema 336, na wa 2022 ukasema 189. Hiyo kushuka sio mchezo. Kuna wakunga wamekesha na tochi ya simu mdomoni wakizalisha, kuna madereva wa boda wamebeba mama usiku wa mvua bila kudai nauli, wote hao wanastahili sifa. Lakini angalia ile hesabu inahesabu nini. Inahesabu waliokufa. Yule ambaye hakufa anaandikwa kwenye kitabu kwamba amejifungua salama, mama na mtoto wazima, anapewa siku yake ya kurudi kwa chanjo ya mtoto, na kuanzia hapo kila swali linaloulizwa ni la mtoto. Ananyonya? Kilo ngapi? Kitovu kimekauka? Mama mwenyewe hakuna anayemuuliza kama akikohoa mkojo unatoka.

Na unatoka. Tena kwa wengi.

Kabla sijaendelea niseme wazi, mtu asikudanganye kwamba fizio inazuia mama kufa kwa kutokwa damu. Haizuii. Damu inahitaji dawa ya kukaza kizazi, inahitaji damu ya kuongezewa, inahitaji mikono ya haraka. Kifafa cha mimba kinahitaji magnesiamu na daktari anayejua anachofanya. Mimi naingia pembeni pembeni: kabla, kupunguza uwezekano wa mambo kuharibika, na baadaye, kwa yule aliyenusurika ila mwili haujamrudia, kama yule ambaye presha ilipanda hadi mshipa wa kichwani ukapasuka na sasa mkono wa kulia haushiki kijiko wakati ana mtoto wa wiki mbili wa kunyonyesha. Kwa huyo fizio sio anasa, ndiyo itakayoamua kama atambeba mwanawe au atabebewa na watu.

Sasa turudi kwa mkojo, manake hapo ndipo kuna wengi na hapo ndipo kuna aibu.

Chini kabisa ya nyonga kuna misuli imetandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi ule mfupa mdogo wa nyuma wa kukalia, inashika kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa, inafanya kazi kama mbeleko: ikiwa imefungwa vizuri mzigo unakaa juu, ikilegea kila kitu kinateremka. Mimba inaipa mzigo miezi tisa, halafu mtoto akipita inavutika kupita kiasi, na wakati mwingine inachanika. Ikiwa mama amezaa watoto watano, na kwa Uganda wastani uko hapo hapo, 5.2 kwa utafiti wa 2022, basi misuli hiyo imevutwa mara tano na mara nyingi bila kupewa nafasi ya kurudi. Kutoka kujifungua, wiki ya pili yuko kisimani na jerikeni ya lita 20, hiyo ni kilo 20 ya maji, chupa yenyewe hujaihesabu.

Wamama wanaficha sana hii. Wanakunja vitambaa, wanavaa sketi nyeusi, wanaacha kucheka kwa nguvu. Mwenye meza sokoni anakwambia siku hizi hanyanyui gunia la viazi, anamwita kijana wa mizigo na kumlipa, hela ambayo ingekuwa ya sabuni. Mama Muislamu anaacha kwenda kuswali na wenzake kwa sababu udhu haukai, anarudia rudia hadi anachoka anaamua kuswalia nyumbani, na hapo nyumbani watu wanadhani amekuwa mvivu wa dini. Mmoja aliniambia, "Musawo (ndio daktari kwa Kiganda), mi nilijua ndio uzazi wenyewe, hata mama yangu alikuwa hivi." Sasa hapo ndipo mi huwa nachemka. Kitu kikiwa cha kawaida haimaanishi ni sawa. Malaria nayo ni ya kawaida na tunaitibu.

Buganda wana ssenga, yule shangazi wa upande wa baba anayemfunda binti kabla ya ndoa, na ukisikiliza ssenga wa redioni usiku utashangaa jinsi wanavyoelezea mambo ya kitandani bila kupepesa macho. Misuli ni hii hii jamani. Wanafundisha binti kuibana kwa ajili ya raha ya bwana, hakuna anayemwambia kwamba hiyo hiyo itamwokoa na mkojo akifika mimba ya tatu. Nina ndoto siku moja nikae na masenga kumi chumba kimoja, chai na mandazi juu yangu, nusu ya kazi yangu ingeisha.

Mazoezi yenyewe daktari Mmarekani anaitwa Arnold Kegel aliyaandika mwaka 1948, ndio manake utasikia watu wakiyaita ya Kegel. Si ya kuhitaji mashine wala chumba. Lala chali magoti yakiwa yamekunjwa, au kaa, baadaye utaweza hata ukiwa umesimama foleni ya posho. Fikiria unazuia hewa isitoke nyuma mbele ya mkwe wako, na wakati huo huo unazuia mkojo. Kile kinachojikaza ndani na kuvutika kwenda JUU, ndicho chenyewe. Shika, hesabu polepole ukiwa unapumua, wengi wanaanzia sekunde tatu tu, ukizoea ufike hata kumi, achia kabisa, pumzika, rudia mara nane. Fanya hivyo asubuhi, mchana na usiku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Ndiyo, miezi mitatu, misuli haikui kwa wiki moja na mtu akikuahidi wiki moja anataka hela yako.

Makosa ninayoyaona kila siku ni yale yale. Mama anabana makalio, au anabana mapaja, au anazuia pumzi hadi mishipa ya shingo inatoka, na wengine badala ya kuvuta juu wanasukuma chini kama wako leba, hiyo inaharibu zaidi. Ndio manake naweka mkono wangu tumboni mwake na kumwambia ahesabu kwa sauti: mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi. Halafu kuna wale waliosikia mahali kwamba wazuie mkojo katikati ya kukojoa kama zoezi. Kujaribu siku moja kujua misuli iko wapi, sawa, lakini usiifanye ndio mazoezi ya kila siku, kibofu kinaanza kuchanganyikiwa na mkojo unaweza kubaki ndani.

Je inafanya kazi kweli au ni maneno yetu sisi wa fizio kujitafutia kazi? Tafiti zilizojumlishwa na Cochrane, shirika la kukusanya tafiti za afya, mwaka 2020 zilionyesha kwamba mjamzito ambaye bado havuji, akianza mazoezi haya mapema, uwezekano wa kuvuja mwishoni mwa mimba unapungua kwa asilimia 62 hivi, na miezi mitatu hadi sita baada ya kujifungua bado faida ipo, asilimia 29. Soma tena: akianza mapema, akiwa hajaanza kuvuja. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa huduma baada ya kujifungua hawakupendekeza kila mama aliyejifungua aanzishiwe tu mazoezi haya kama kinga, wakaacha nafasi kwa yule mwenye dalili aelezwe kuwa yanaweza kumsaidia. Kuna wenzangu hiyo iliwaudhi, mimi hapana, kwangu inasema kile kile ninachopigia kelele: wakati mzuri wa kufundisha ni kliniki ya wajawazito. Ukisubiri ajifungue, ulale usiku mmoja, ndio umletee karatasi yenye michoro wakati ana nyuzi, ana maziwa yaliyojaa na mtoto analia, umechelewa na hasikii.

Lakini wapi fizio iko kwenye kliniki ya wajawazito? Niliwahi kufanya kazi hospitali moja, siitaji, ambapo chumba cha fizio kilikuwa ghorofa ya juu, baada ya wodi ya mifupa, na lifti ilikuwa na karatasi imebandikwa "mbovu" hadi ile karatasi yenyewe ikageuka njano. Mama aliyepasuliwa jana anaambiwa apande ngazi kwenda kufundishwa jinsi ya kutembea. Tukaomba kimeza na benchi moja kule chini kwa wajawazito, siku mbili kwa wiki tu. Jibu likawa hakuna nafasi, ilhali pale pale kulikuwa na chumba kimejaa viti vilivyovunjika.

Haya, kupasuliwa.

Ukiingia wodi ya waliopasuliwa asubuhi utawajua kwa macho. Wamelala chali wamenyooka kama wameambiwa wasipumue, na kando kuna shangazi au mama mkwe amekaa kwenye mkeka kulinda asisogee, "usiamke, kidonda kitafunguka." Wanasema hivyo kwa upendo, najua. Ila damu inapenda kutembea, na mama aliyetoka kujifungua damu yake inaganda kirahisi kuliko ya mtu wa kawaida, mwili umejiandaa hivyo ili asimalizike kwa kutokwa damu. Sasa ukimlaza bila kusogea, damu inaweza kuganda ndani ya mguu, na kile kipande kikichomoka kikaenda mapafuni, unaweza kumpoteza mama ambaye jana upasuaji ulienda vizuri kabisa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi ndani ya wiki sita za mwanzo, na mguu mmoja ukivimba, ukauma nyama ya nyuma ya goti kwenda chini, ukawa wa moto, au pumzi ikakata ghafla, hiyo sio ya kukandwa na maji moto wala kusubiri Jumatatu, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo nafika, nasalimia kwanza yule wa kwenye mkeka, manake bila yeye hakuna kitu kitaendelea nikiondoka. Tunaanza na vifundo vya miguu tukiwa bado kitandani, juu na chini, juu na chini, halafu pumzi ndefu za kujaza mbavu. Halafu kukohoa. Mama aliyepasuliwa anaogopa kukohoa kuliko anavyoogopa sindano, na makohozi yakikaa mapafuni yanaleta shida nyingine. Namwambia akunje leso au kitenge hadi kiwe kinene kama mto, akiweke juu ya kidonda, akikumbatie kwa mikono miwili, ainame mbele kidogo, akohoe. Akishaona tumbo halijapasuka anacheka, halafu anakumbuka kucheka nako kunauma, anakumbatia tena.

Kuamka ndiko wengi wanakosea, wanajivuta kwa kichwa moja kwa moja kama mtu anayeamka usingizini, tumbo lote linavutwa. Kunja magoti, geuka ubavu mwili wote kwa pamoja, mabega na nyonga visiachane. Teremsha miguu nje ya kitanda huku unajisukuma na kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Kaa kwanza. Kizunguzungu kikipita, simama, na tafadhali simama umenyooka, wengi wanatembea wameinama wiki nzima kama wanatafuta shilingi, halafu wanarudi kwangu na mgongo. Na hata yule aliyejifungua kawaida aamke hivyo hivyo kwa wiki za mwanzo, manake misuli ya tumbo huwa imeachana katikati, ukijivuta utaona kitu kinatokeza juu ya kitovu kama mgongo wa samaki. Kwa wengi inarudi yenyewe polepole, kwa wengine inahitaji mazoezi ya taratibu, na zile sit-apu mnazoona TikTok za kupunguza tumbo baada ya uzazi ziacheni kwanza.

Najua mnataka kuuliza kuhusu kufunga tumbo. Karibu kila kabila hapa wanafunga, na Wakongo wangu wanafunga sana. Mi siwakatazi. Kitambaa kilichofungwa kwa kiasi kinampa mama nguvu ya kusimama na maumivu yanapungua, tena wale waliopasuliwa kinawasaidia kweli. Kikifungwa hadi mama hawezi kuvuta pumzi, basi ule mkandamizo unaenda wapi? Unaenda chini, kwenye ile misuli tunayotaka ipone. Kipimo changu: mikono yako miwili iingie kati ya kitambaa na ngozi, na ukilala kifunguliwe. Ule ukandaji wa maji moto juu ya kidonda kibichi, huo hapana, hapo hatuelewani hata kama ni bibi amesema.

Kuhusu leba yenyewe nitapita haraka kwa sababu pale wenyewe ni wakunga. Mama ambaye mimba yake haina shida aruhusiwe kutembea, kupiga magoti, kuegemea, kuchuchumaa. Cochrane waliwahi kujumlisha tafiti wakakuta wanaokaa wima au kutembea hatua ya kwanza ya uchungu, leba inapungua kwa saa moja na dakika 22 hivi, na wanaoishia kupasuliwa wanapungua pia. Wale bibi wakunga wa kijijini waliozalisha mama zetu hawakuwa na kitanda cha kumlaza mtu miguu juu, walimwambia ashike mti au shingo ya mtu. Kuna mengi ya bibi siyataki, hilo nalitaka.

Sasa kuna ushauri mmoja unaonichekesha, wa mjamzito afanye mazoezi. Ni wa kweli, WHO wanasema angalau dakika 150 kwa wiki za kuutikisa mwili kwa kiasi, na tafiti zilizojumlishwa mwaka 2018 zilionyesha mazoezi wakati wa mimba yanapunguza uwezekano wa kisukari cha mimba, presha ya mimba na ile presha mbaya inayoendana na kifafa kwa kitu cha asilimia 40. Ni kubwa hiyo! Kwa mama wa Kampala anayekaa ofisini Nakasero kutwa na kurudi Kira kwa gari, huo ushauri ni wake, atembee, aogelee kama anaweza. Lakini ukienda Kyegegwa umwambie mama aliyeamka saa kumi na moja, amelima, amechota maji, amebeba kuni, ati "jitahidi utembee nusu saa kwa siku," atakutazama tu. Huyo mazoezi anayo hadi yamemzidi. Anachohitaji ni kufundishwa kunyanyua: jerikeni iwe karibu na mwili, magoti yakunjwe, apumue nje wakati ananyanyua na abane ile misuli ya chini kabla mzigo haujatoka ardhini. Ni jerikeni mbili za lita 10 badala ya moja ya 20, hata kama ni safari mbili. Ni jembe lenye mpini mrefu. Na ni mtu mwingine nyumbani kuchota maji, ila hilo siwezi kuliandikia mazoezi.

Nyonga nayo inauma, kama mjamzito mmoja kati ya watano anapata maumivu pale mbele kwenye mfupa wa kinena au nyuma juu ya makalio, kugeuka kitandani inakuwa vita. Bana magoti pamoja ukigeuka, weka nguo iliyokunjwa katikati ya mapaja ukilala ubavu, vaa sketi ukiwa umekaa. Kupanda boda kwa kutupa mguu mmoja juu, acha. Ukikaa upande upande nako ni hatari, najua, kwa hiyo kama kuna njia nyingine tumia njia nyingine. Mkanda wa kushikilia nyonga unasaidia wengi, na kama hakuna hela kanga iliyofungwa chini ya tumbo, kwenye mifupa ya nyonga yenyewe, inafanya kazi nzuri.

Nimebakisha fistula, na hii siwezi kuipita haraka.

Mama yuko leba siku mbili, tatu, mtoto hapiti. Kichwa kinabana nyama kati ya kibofu na mfupa, damu haifiki pale, nyama inakufa, na siku chache baadaye inadondoka na kuacha tundu. Mkojo unatoka masaa yote, sio wa kukohoa huu, ni wa masaa yote. Mazoezi hayazibi tundu, tusidanganyane, tundu ni kazi ya upasuaji, na Uganda wapo wanaoifanya vizuri, Kitovu kule Masaka wanajulikana siku nyingi, na Soroti kuna hospitali ya TERREWODE iliyofunguliwa 2019 kwa ajili ya wamama hao hasa. Kile ambacho watu hawajui ni kwamba kichwa kile kile kilichobana kibofu kinabana na mishipa ya fahamu ya mguu. Mama anaamka na mguu unaburuta, kisigino hakitangulii, vidole vinagonga chini. Nyumbani wanasema amerogwa na mke mwenza, anafichwa ndani, amelala amejikunja kwa sababu ananuka na hataki watu, na baada ya miezi misuli ya nyuma ya mguu inakuwa mifupi na goti halinyooki. Kwa hiyo hata akizibwa tundu bado hatembei.

Mguu wa namna hiyo mara nyingi neva yake inaweza kurudi, polepole, kwa miezi, lakini itarudi kukuta nini kama kifundo kimeshakakamaa? Kaa chini, nyoosha goti, pitisha kanga chini ya unyayo, vuta ncha zake mbili kuja kwako, shika, achia, rudia asubuhi na jioni. Usiku mguu uwekwe kwenye ubao au kifaa cha plasta kinachoushika wima. Kitu cha kanga moja! Na kuna wengine ambao tundu limezibwa vizuri, daktari ameridhika, ila bado wanavuja wakisimama kwa sababu misuli ya kufunga mkojo imedhoofika, hao nao wanahitaji fizio na mara nyingi wanaambiwa tu, umepona, nenda nyumbani.

Tuko wachache, hiyo ni kweli, wanaosomea Mulago na Mbarara hawatoshi na ukishuka Health Center Three, vile vituo vidogo vya afya, hutamkuta hata mmoja. Sasa tungoje hadi tutoshe? Mi nasema hapana, kuna wenzangu hawapendi nikisema hivi, wanaona nagawa taaluma, lakini mkunga anaweza kufundishwa vitu vitatu kwa mchana mmoja: zoezi la misuli ya chini, jinsi ya kuamka kitandani, na nani wa kutumwa kwetu. VHT, yule mhudumu wa afya wa kijijini anayezunguka nyumba kwa nyumba, anaweza kuuliza swali moja tu, "ukikohoa mkojo unatoka?" Ufaransa mama aliyejifungua analipiwa na bima ya taifa vipindi kumi vya kurudisha misuli hiyo. Siombi kumi. Naomba swali moja liongezwe kwenye karatasi ya kliniki.

Maswali mnayoniuliza sana kwenye simu, nijibu hapa ili mniache nilale. Kulima: baada ya wiki sita, anza na nusu saa, usianze na shamba zima, na kama damu inaongezeka au unahisi kitu kizito kinateremka huko chini, simama, njoo tukuone. Aliyepasuliwa, kitu kizito kuliko mtoto wako usinyanyue wiki hizo sita. Kukimbia na kuruka kamba, miezi mitatu. Kuvuja baada ya mtoto kufikisha miezi mitatu, usiendelee kusubiri, na hata kama mtoto huyo sasa ana miaka kumi bado njoo, misuli haiulizi umri. Na lile swali la lini mzee anaruhusiwa kurudi kitandani: damu iwe imekata, kidonda kiwe kimepona, na mama mwenyewe awe anataka, wengi ni kuanzia wiki ya sita na wengine mbali zaidi, kukiwa na maumivu kuna dawa yake na kuna mazoezi yake pia. Na kama shemeji anaona nimemwekea vikwazo, mlete kliniki aulize mwenyewe, kiti kipo.